Huu Si Waraka

Nimestaafu. Wenzangu niliosoma nao chuo wanacheka nikisema hivyo, maana mvi sina na meno yangu yote yapo. Lakini kazi niliyoifanya tangu nimalize chuo imekwisha, ofisi imefungwa, na sina nia ya kuifanya tena mahali pengine kwa jina jingine. Kwangu huko ni kustaafu. Ninyi mnaoanza kwenye mradi mpya, katika nyumba ileile ya Kasulu yenye bati la bluu, mmeniomba niwaandikie nilichojifunza. Naandika, ingawa sina hakika kama nilijifunza au nilizoea tu.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Wajumbe wa kamati za shule za msingi na bodi za sekondari wanatakiwa kuamua mambo mazito: watoto wale nini mchana, darasa lijengwe wapi, mtoto aliyeacha shule arudishwe vipi. Wengi wao ni wakulima. Tafiti zilizofanywa juu ya mambo hayo haziwafikii, wala miongozo inayowahusu wao wenyewe. Vyote vinabaki kwenye makabati ya mjini, kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili kigumu kuliko hicho Kiingereza. Sisi tulikuwa tunavisoma, tunavipunguza hadi karatasi moja yenye herufi kubwa, kisha tunaipeleka shuleni na kukaa na wajumbe waijadili. Ofisini tuliziita mihtasari. Vijijini waliziita kwa jina langu, karatasi za Oliva.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda Makere na Mzee Gwimo. Yeye alikuwa mwalimu, kisha mratibu wa elimu wa kata, na alipostaafu kweli, kwa mvi, mradi ulimchukua ili atufungulie milango. Nilikuwa nimebeba kompyuta yenye grafu za rangi. Alinitazama nikiifunga kwenye pikipiki, akaniuliza umeme nitauchomeka kwenye mhindi upi. Nikaiacha.

Mwenyekiti wa kamati aliupokea muhtasari wetu kwa mikono miwili. Akausogeza mbali na macho kama wasomavyo wazee, akatazama chini ya ukurasa, akaugeuza, akatazama chini tena. Nikamnong'oneza Mzee Gwimo kwamba huyu anasoma kwa makini.

"Anatafuta muhuri," akasema.

Haukuwepo. Mwenyekiti akauweka mezani, akategesha kikombe cha chai juu yake, akatushukuru sana, na mkutano ukaendelea na habari za choo cha wavulana. Njiani kurudi nilimuuliza Mzee Gwimo mtu mzima mwenye akili anautakia nini muhuri kwenye maelezo ya chakula cha watoto. Muhuri unaongeza ukweli gani? Alisema nitachoka kuuliza maswali kabla hatujafika Kasulu. Hatukuwa mbali na Kasulu, na sikuchoka.

Alinifundisha mengi, nami nayaweka hapa kwa sababu ndiyo pekee yatakayowafaa. Usikae meza moja na mwalimu mkuu. Kaa kwenye benchi na wajumbe, hata kama benchi lina mguu mbovu, na kwa kawaida linao. Usianze na majibu, anza na swali, halafu nyamaza mpaka ukimya ukuume. Soma polepole, kisha muombe mjumbe mmoja arudie kwa Kiha, kwa sababu watu wanakubali kwa Kiswahili na wanakataa kwa Kiha. Ukisikia "ego, ego", yaani ndiyo, ndiyo, kutoka pande zote, ujue hamjakubaliana chochote, wanakusaidia tu umalize. Karatasi zibebe kwenye mfuko wa nailoni, mbili ndani ya mmoja, kuanzia mvua za kwanza hadi mihogo ianuliwe. Viatu vya mpira viwe vyako mwenyewe. Vya ofisi vina historia.

Suala la muhuri lilinifuata kila nilikokwenda. Nyabibuye, kule mpakani, mjumbe mmoja aliniuliza kwa upole kama muhuri umesahaulika au umekataliwa. Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi, mzazi mmoja Mkongomani kwenye kamati ya shule aliusifia muhtasari kuanzia kichwa hadi mwisho, kisha akasema, "Maneno iko muzuri, mama. Kashe ndiyo iko wapi?" Kashe ndiyo muhuri kwao, na Warundi pia huuita hivyo. Nilicheka naye. Wakati huo bado nilikuwa naona ni jambo la kuchekesha.

Liliacha kuchekesha upande wa Kibondo. Tulikuwa tumeandika muhtasari juu ya chakula cha mchana: kwamba mtoto mwenye njaa hajifunzi, kwamba shule zilizofanikiwa ni zile ambazo wazazi walikaa wakapanga wenyewe nani ataleta nini, na nani hawezi kuleta. Kamati moja iliupenda. Iliupenda mno, ikaupeleka kwa mtendaji wa kijiji akaugonga muhuri wake. Niliporudi baada ya mavuno niliwakuta watoto wako barabarani saa za masomo, na vikapu vitupu. Walikuwa wamefukuzwa wakalete mahindi. Muhtasari ulibandikwa kwenye mlango wa ofisi, na sehemu inayosema wazazi wakae wapange ilikuwa imefunikwa na muhuri wenyewe.

Nilimuuliza mwenyekiti wao imekuwaje. Akashangaa. Ninyi ndio mlioandika, alisema. Nikamwambia tuliandika ushauri. Akautazama mlango, akanitazama mimi, kama mtu anayeeleza jambo kwa mgeni.

"Ushauri haugongwi muhuri, dada."

Baada ya hapo mratibu wa mradi, bosi wetu, aliamua kwamba karatasi zetu hazitagongwa muhuri na mtu yeyote. Chini ya kila muhtasari tukachapa maneno meusi, makubwa kuliko mengine yote: HUU SI WARAKA. NI MAELEZO YA KUJADILIWA. Nilishangilia uamuzi ule. Chuoni nilikuwa yule mwanafunzi ambaye mkono wake uko juu hata mhadhiri akisema asante. Kwangu karatasi inayojitangaza kwamba si amri ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote tulivyowahi kuchapa. Mzee Gwimo aliisoma, akaikunja, akasema herufi zinasomeka vizuri.

Sasa nifike Rungwe Mpya, ambako kwangu kazi hii iliishia, ingawa niliendelea kwenda ofisini muda mrefu baadaye.

Kuna shule pale, jina nitaliacha. Kando yake kuna mto, na ng'ambo ya mto kuna kitongoji ambacho wenyeji wanakiita hivyohivyo, Ng'ambo. Wakati wa kiangazi watoto wanavuka juu ya gogo. Mvua zikikolea gogo linazama, na njia iliyobaki ni kuzunguka hadi kwenye daraja la barabara, safari ambayo mtu mzima huipanga. Kwa hiyo wazazi wa Ng'ambo walifyatua matofali, wakachoma, wakajenga shule shikizi: vyumba viwili vya darasa la kwanza na la pili, ili wadogo wasome karibu mpaka miguu ikomae. Mabati walichangishana wenyewe. Mwalimu alikuwa kijana wa kujitolea.

Kijana yule akaondoka kutafuta maisha, kama wafanyavyo. Wakati huohuo upepo ukaezua darasa moja kwenye ile shule kubwa, shule mama. Likazuka wazo ambalo hakuna aliyekubali kuwa ni lake: shikizi ifungwe, watoto wahamie shule mama, na mabati yake yakaezeke darasa lililoezuliwa. Halmashauri ilitaka kwanza kusikia maoni ya kamati ya shule.

Mjumbe pekee kutoka Ng'ambo alikuwa mama Anjelina. Wazazi wake walikimbia Burundi. Yeye alikulia hukuhuku, akapata uraia, analima maharage na muhogo na kuuza dagaa siku za gulio. Binti yake wa mwisho, Yusta, alikuwa anaingia darasa la kwanza. Alikuja ofisini Kasulu mwenyewe, jambo ambalo hakuna mjumbe aliyewahi kulifanya, akauliza kama katika vitabu vyetu kuna chochote juu ya watoto wadogo na umbali.

Kilikuwepo. Kilikuwepo tele. Mtoto anayekaa mbali anaanza shule akiwa amechelewa, anakosa siku nyingi, anarudia darasa, anaacha. Sijui kama kuna jambo lingine ambalo watafiti wa elimu wamekubaliana kiasi hicho. Kwa kawaida hawakubaliani hata juu ya chaki. Na miongozo nayo inazitambua shule shikizi kwa sababu hiyohiyo. Niliandika muhtasari ule kwa uangalifu kuliko yote. Mama Anjelina aliusoma mbele yangu kwa kidole, mstari kwa mstari, akaniomba nibadilishe neno "mahudhurio" niweke "kufika shuleni". Alikuwa sahihi. Akaenda kuujaribu kwa majirani zake, akarudi wiki iliyofuata.

"Wameupenda," alisema. "Sasa nipigieni kashe."

Bosi alikuwepo. Muhuri wa mradi ulikuwa kwenye droo ya meza yake, wa duara, tuliutumia kupokelea barua tu. Alimweleza mama Anjelina vizuri, bila dharau, yaliyotokea Kibondo. Alimweleza kwamba tukigonga, kamati haitajadili, itatii. Yeye alisikiliza hadi mwisho, akasema ndivyo anavyotaka, watii. Mtoto wake hatavuka mto kwa mjadala.

Niliingilia. Nilimwambia hoja zake zina nguvu, watamwelewa.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nikisema, watasema ni mama wa Ng'ambo anajitetea. Karatasi ikisema, watasema ni karatasi. Kashe ikisema wanakaa kimya. Mimi mwenyewe ni Mtanzania kwa kashe. Miaka yote niliyolima hapa, niliyozaa hapa, haikunifanya. Siku walipogonga ile karatasi ndiyo ilinifanya. Na wewe unaniambia kashe haina maana."

Bosi hakufungua droo. Nami, nakumbuka vizuri, niliona yuko sahihi. Hadi leo sijaweza kuthibitisha kwamba alikosea. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana nimelitafuta kosa lake kwa muda mrefu.

Siku ya kikao nilikaa kwenye benchi na wajumbe. Mama Anjelina alisimama, akasoma. Hakuishia kusoma, alieleza kwa Kiha, alitaja watoto kwa majina, akauliza nani kati yao angemtuma mtoto wa umri ule mtoni mwezi wa pili. Watu walitikisa vichwa. Mzee mmoja alisema kitu kuhusu mjukuu wake kikawafanya wengine waguse videvu. Kwa dakika chache niliamini kazi yetu.

Mwenyekiti akaomba karatasi. Akaitazama chini, kama yule wa Makere. Safari hii kulikuwa na kitu cha kusoma.

"Huu si waraka," akasoma kwa sauti. Akaiweka. "Wenyewe wameandika. Sisi hatujasema."

Kisha akatoa karatasi nyingine kwenye bahasha ya kaki. Ilikuwa barua kutoka juu, mistari mitatu na muhuri wa rangi ya zambarau. Akaisoma polepole. Ilisema kamati inaombwa kutoa maoni yake kuhusu matumizi ya mabati ya shule shikizi. Basi. Alipomaliza, kukawa kimya. Wale waliokuwa wakitikisa vichwa wakatazama sakafu. Mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu, akaandika kwenye muhtasari wa kikao: kamati imepokea maelekezo.

Niliomba ruhusa ya kusema. Nikasema barua ile haielekezi, inauliza. Inataka maoni. Kamati ikijibu kwamba shikizi ibaki, hilo nalo ni jibu halali. Niliirudia sentensi yenyewe, "inaombwa kutoa maoni", neno kwa neno, kama wakili wa kwenye redio.

Mwenyekiti hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Binti yangu," akasema, "umesoma sana na sisi tunakushukuru. Lakini serikali haiulizi kwa muhuri."

Akaomba wanaokubaliana na maelekezo wanyooshe mikono. Wakanyoosha. Nilimtazama mama Anjelina. Alikuwa ameshikilia muhtasari wetu mapajani. Akauhamishia mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia.

Nje nilimfuata hadi karibu na gogo. Nilimuuliza kwa nini. Nadhani nilimuuliza kwa sauti ya mtu aliyesalitiwa, sauti ambayo sikuwa na haki nayo.

"Yusta atakaa darasani kwao," alisema. "Mwalimu wao, uji wao, fimbo yao. Nibaki mimi peke yangu nimekataa, halafu wampokee?" Akapanda kwenye gogo, akageuka. "Uende, mvua inakuja."

Mabati yaliezuliwa kabla ya mvua kubwa. Walioyabeba vichwani kuvuka mto ni wazazi walewale wa Ng'ambo. Kijiji kiliitisha nguvu kazi, nao wakajitokeza. Darasa la shule mama likaezekwa, likapendeza, likapigwa picha. Halmashauri, nilikuja kujua, walishangaa kidogo kwamba kamati ilikubali haraka hivyo. Walitegemea ubishi. Ofisa mmoja aliniambia walishajiandaa kutafuta mabati mengine. Niliyasikia hayo nikiwa nimesimama kwenye korido.

Nilimweleza Mzee Gwimo. Tulikuwa nyumbani kwake, anachambua kahawa kwenye ungo. Nikasema sielewi watu wanaogeuza swali kuwa amri.

"Wameulizwa lini," akasema, "wakajibu hapana, hapana yao ikachukuliwa? Nitajie mara moja. Mimi nimekuwa mratibu wa kata. Nilikuwa nawauliza, na jibu ninalo mfukoni."

Akaendelea kutoa punje mbovu.

Mvua zilipokolea, watoto wadogo wa Ng'ambo waliacha kufika shuleni, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi yetu. Kwenye daftari la shule mama waliandikwa watoro. Niliandika ripoti. Ripoti ilisifiwa. Ikapendekezwa tuandike muhtasari mpya kwa kamati za shule juu ya tatizo la utoro. Tuliuandika, nao ulikuwa mzuri, na maneno meusi chini yake. Kisha mradi ukaisha muda wake.

Wiki ya kufunga ofisi nilikwenda Ng'ambo kuaga. Gogo lilikuwa limezama, nikazunguka kwa daraja la barabara na bodaboda, na kipande cha mwisho kwa miguu. Nilipita penye shikizi. Kuta zinaanza kulainika juu. Matofali ya kuchoma yanavumilia, udongo uliounganisha hauvumilii. Mtu amepanda maharage kwenye darasa la pili, na yamestawi.

Mama Anjelina alikuwa anamenya muhogo uwanjani, chini ya upenu. Yusta alikuwa karibu naye kwenye mkeka, amevaa sare ya shule, miguu peku. Mama yake alisema humvalisha kila asubuhi, wakashuka hadi mtoni, wakatazama maji, wakarudi. Ili asisahau, alisema. Halafu wanasoma hapa.

Walichokuwa wakikisoma ni muhtasari wetu. Ulikuwa umechakaa kwenye mikunjo na una doa la mafuta, lakini herufi zilikuwa kubwa, na mle nyumbani hamkuwa na karatasi nyingine yenye herufi kubwa. Mtoto alikuwa ameshaumaliza wote kwa kichwa. Anasoma kwa haraka mpaka chini, kisha anapunguza mwendo penye maneno meusi, kwa sababu hayo ndiyo anayoyapenda.

"Hu-u si wa-ra-ka. Ni ma-e-le-zo ya ku-ja-di-li-wa." Akainua macho. "Mama, kujadiliwa ni nini?"

Mama Anjelina hakuacha kumenya. Alinionyesha kwa kisu.

"Muulize huyo. Ndiye aliyeandika."

Nilimweleza. Nilisema ni pale watu wanapokaa pamoja, kila mmoja anasema anavyoona, wengine wanamsikiliza, na hakuna kilichoamuliwa mpaka wamalize. Nilitafuta mfano, nikatumia nyumbani kwao, nikatumia gulioni. Yusta alinisikiliza vizuri, kidole chake bado kiko juu ya neno. Nilipomaliza alitazama kule mtoni, akaniuliza kama kesho mvua itanyesha.